Mama Amejua Kusoma

Isikizya, Tabora
19 Septemba, 1954

Kwa kaka yangu Justus,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Najua mwandiko wangu utautambua kabla hujafika kwenye jina, na huenda utaiweka karatasi hii kando kwanza uendelee na shughuli zako. Nakuomba usiitupe. Isome hata kwa siku tatu, kidogo kidogo, maana hata mimi naiandika hivyo: naanza, nachoka, naiacha, narudi. Anwani yako nimeipata kwa Shilinde wa Lusu, aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge mwezi wa saba. Amesema siku hizi wewe ni mnyapara, una nyumba ya bati, na shemeji Mwantumu amekuzalia watoto watano. Nilifurahi kusikia hivyo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na joto la huko Korogwe haliwaoneshi taabu.

Huku kwetu tu hai. Mvua zilikatika mapema mwaka huu, mahindi yakakauka ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, lakini karanga na mihogo vimetuokoa. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua, na kwenda kanisani anapumzika mara mbili njiani, ila sauti yake ni ile ile unayoijua. Mke wangu Flavia anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Tuna watoto watatu. Wa nne, Imakulata, tulimzika mwaka juzi kwa surua. Mimi mwenyewe sina ugonjwa wa kutaja jina. Nimechoka tu, kaka. Asubuhi nafundisha watoto, mchana nalima, alasiri nafundisha watu wazima, na ikifika Jumamosi mgongo hautaki kunyooka.

Hao watu wazima ndio habari yenyewe ninayotaka kukupa, kwa hiyo nianze nao.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Padri alitangaza kanisani kwamba serikali inataka kila kijiji wakubwa wafundishwe kusoma na kuandika, na kwamba mwalimu ni mimi. Hakuniuliza. Waliandikishwa watu thelathini na wanne. Siku ya kwanza walijaa katika darasa la watoto, magoti yakigonga madawati, wazee wamevaa makoti kana kwamba wameitwa barazani. Tuliletewa kitabu chembamba, na ukurasa wake wa kwanza ulisema hivi: Baba ana kuku. Kuku wa baba ni huyu. Niliwasomesha ukurasa huo wiki nzima. Mzee Ngollo, yule aliyekuwa akibeba mizigo ya vitambaa tangu Bagamoyo enzi za Mjerumani, unamkumbuka kwa mguu wake mfupi, alisimama akasema yeye amefuga kuku kabla mimi sijazaliwa, na hakuacha kazi zake ili aje kuambiwa kwamba ana kuku. Wakacheka, lakini cheko lile lilikuwa la kuaga. Minza, mjane anayekaa karibu na kisima, aliacha kuja kwa sababu binti yake wa miaka saba alikuwa kwenye ukurasa ule ule, akawa anamsahihisha mama yake mbele ya wageni. Darasa lilipofika mwezi wake wa pili nilibaki na watu tisa. Kusema kweli nilitamani wote waache, ili nipate kulala kidogo mchana.

Sikuwa na ujuzi wowote mpya, usije ukadhani nimekuwa mtu mkubwa. Jambo lenyewe lilitokea uwanjani, wakati wa kupura mtama. Wanawake walikuwa wamejipanga na magongo yao, Mama akiongoza wimbo, na nikaona kwamba ubeti aliouanza wakati ule ule, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wenzake waliushika wote mara ya pili bila kukosea neno. Minza alikuwa mmoja wao. Mtu aliyeshindwa na kuku wa baba kwa wiki nane alikuwa ameshika mistari minne kwa pumzi mbili. Nikasimama pale na jembe begani kama mjinga.

Kesho yake nilikwenda mjini kuchukua madaftari, nikapita Isevya kwa Anton, tuliyesoma naye, ambaye sasa ni karani wa duka na mtunzi wa mashairi. Nikamweleza. Akaniambia kwamba jibu nalijua, ila sijalitazama: shairi la Kiswahili linakwenda kwa silabi, na kina si kitu kingine ila silabi moja inayorudi mahali pale pale. Mwalimu huandika ka, ke, ki ubaoni na watu husinzia. Mshairi huiweka ka mwisho wa mistari minne na watu huingojea. Akanifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule, juu ya gunia la chumvi, huku wateja wakitushangaa.

Nikatunga ubeti wangu wa kwanza njiani, nikiwa nimekaa juu ya shehena ya lori. Si mzuri, lakini nakuandikia uuone:

Jembe langu la zamani, makali limepoteza,
Nalibeba mabegani, kila siku nalikaza,
Mvua ikija njiani, nani atanipuuza?
Twende pamoja shambani, kazi hatujamaliza.

Sikuuandika ubaoni mara moja. Niliwaimbisha kwanza, siku mbili, mpaka wakaushika. Siku ya tatu ndipo nikauandika, kwa kipande cha mhogo mkavu maana chaki ilikuwa imekwisha, nikawaambia kwamba maneno mliyo nayo vinywani ndiyo haya mnayoyaona. Sasa nionesheni silabi ni iko wapi. Walijua kwamba iko katikati ya kila mstari, maana hapo ndipo sauti inapopumzika. Mzee Ngollo akaja mbele akichechemea, akaweka kidole kwenye zamani, mabegani, njiani, shambani. Nilidhani amemaliza. Akabaki amesimama, akanung'unika, kisha akaweka kidole kwenye nani, akasema, "Hii nayo ni ile ile. Imejificha humu." Halafu akaiona nyingine ndani ya atanipuuza. Hakuna aliyemwonesha. Akageuka kutazama wenzake, na nakuambia, kaka, sijawahi kuona mzee wa miaka sabini amesimama vile.

Kuanzia hapo walirudi. Minza alirudi, na wengine ambao hawakuandikishwa kabisa. Kila wiki ubeti mmoja na vina viwili. Baada ya ubeti wa tano walianza kutunga wenyewe, kuhusu tumbili wanaokula mahindi, kuhusu kodi, kuhusu mume wa mtu aliyenaswa kwenye mzinga wa nyuki usio wake. Msimamizi wa shule alipita akasema hawa ni kasuku, wamekariri, hawasomi. Maneno yake yaliniuma kwa sababu nami nilikuwa na shaka hiyo. Alipoondoka niliyachukua maneno ya ubeti wa jembe nikayapangua ubaoni: Jembe limepoteza nani shambani? Mzee Ngollo akalisoma polepole, akakunja uso, akaniuliza kwa hasira jembe litampotezaje mtu, mimi mwalimu gani ninayeandika upuuzi. Darasa zima likaangua kicheko. Nikajua si kasuku.

Sasa nikuambie kuhusu Mama.

Alikuja darasani wiki ya tatu ya mashairi, na kigoda chake, akakaa mlangoni penye mwanga. Nilimzuia. Nilimwambia macho yake hayatastahimili, nikamwambia magoti, nikamwambia vumbi. Akanijibu kwamba macho ni yake na magoti ni yake, na kuhusu vumbi, amelizoea kabla sijazaliwa. Siku mbili nyingine nikajaribu kumwambia kwamba nafasi hazitoshi. Akacheka, akasema amekuja na nafasi yake, akakigonga kile kigoda. Flavia alinishangaa. Aliniuliza ni mwana gani anayemfundisha kila mtu kijijini akamkataza mama yake. Nikamjibu kwamba namhurumia.

Mama alikuwa mwepesi kuliko wote. Mizani hakuhitaji kuhesabu kwa vidole. Aligonga kwa mguu kama anayetwanga, na pigo la nane likifika kabla ya neno kwisha, alilitupa neno lile akatafuta jingine. Mwezi wa tano mwaka huu, nilipowaomba kila mtu alete ubeti wake, Mama alisimama akautoa wa kwake. Nilikuwa ubaoni, mhogo mkononi, kazi yangu kuandika wanachosema. Nikaandika:

Mwanangu uliyetoka, mlango sikuufunga,
Masika yamegeuka, na kiangazi kuunga,
Neno ulilolishika, ulimi wangu mjinga,
Rudi ukisha kuchoka, ugali nitausonga.

Wanawake waliinamisha vichwa. Mzee Ngollo peke yake ndiye aliyesema kwamba ka hii ni nzuri, na nga hii hatujaisoma bado. Kwa hiyo wiki ile yote nilifundisha nga kwa ubeti wa Mama. Kila alasiri niliuandika kwa mkono wangu, mwanangu uliyetoka, na watu ishirini na sita wakausoma kwa sauti, na Mama akausoma pamoja nao akinitazama usoni kwa upendo, maana aliona nalia akadhani nakulilia wewe.

Mwezi wa nane alikuja afisa mmoja wa Kizungu kutoka mjini, amesikia habari za darasa la mashairi. Mtu mpole, Kiswahili chake kizuri. Naye aliogopa kasuku. Akachukua mhogo akaandika sentensi yake mwenyewe ubaoni: Mama huyu ana ng'ombe wangapi? Akamnyooshea Mama kidole, bila kusema neno. Mama akatazama. Midomo ikacheza. Kisha Mama akasema, "Sina hata mmoja, bwana. Nina mbuzi watatu, na mmoja ana mimba." Ah, kaka, nyumba ilitikisika. Mzungu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Minza alimkumbatia Mama, watu wakamwinua na kigoda chake. Wote walinigeukia wanipongeze, na mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nafuta sentensi ile ubaoni.

Utajiuliza kwa nini. Nimekuzungusha kurasa hizi zote kwa woga, nikijificha nyuma ya Mzee Ngollo na jembe. Sasa nasema.

Mwaka 1943 ulituandikia barua yako ya kwanza, miaka miwili tangu uondoke na lile neno la Mama kwamba ukivuka mto usimtafute hata kaburi. Ulisema umeoa Mzigua, mmepata mtoto, na unaomba msamaha. Ukauliza kama unaweza kumleta mkeo nyumbani. Niliisoma barua ile kwa Mama kama ilivyo. Mama alicheza. Ninaposema alicheza nina maana hiyo: alitoka nje akacheza uwanjani peke yake, na jirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha akakaa akaniambia niandike. Alisema: Njoo naye, hata kama hajui lugha yetu nitamfundisha, lile neno nililisema kwa hasira, na tangu siku ile halijaniacha nilale, mlete mtoto nimwone. Maneno hayo ndiyo aliyonituma, na sijayasahau.

Mimi nikakuandikia haya: Mama anasema neno lake ni lile lile.

Maneno saba. Mama hakusema hata moja kati ya hayo. Ni yangu.

Utataka kujua sababu, nami nimeitafuta muda mrefu. Unakumbuka nilikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya ualimu mjini. Ulipoondoka, Baba akiwa ameshafariki, niliitwa nirudi kwa sababu hapakuwa na wa kulima. Cheti sikupata, na mpaka leo mimi ni mwalimu msaidizi. Siku ilipofika barua yako nilikuwa nimetoka kung'oa visiki, viganja vimechubuka. Miaka miwili nilikuwa nimelima, nimeezeka nyumba, nimemuuguza, na sikuwahi kumwona Mama akicheza. Kila jioni aliuliza kama kuna aliyetoka mjini na habari zako. Hakuniuliza mimi kama nimekula. Nikaona kwamba utarudi na mke na mtoto, utapokewa kwa ngoma, na mimi nitaendelea kung'oa visiki. Hiyo ndiyo sababu. Ni ndogo, naiona. Nilipokuwa naandika nilidhani nitakuadhibu kwa mwaka mmoja tu, kisha nitarekebisha.

Ukajibu upesi. Barua yako ya pili unaijua mwenyewe. Ningemsomeaje Mama? Nikashika karatasi ile mbele yake nikamsomea kwamba kazi ya mkonge imezidi kwa ajili ya vita, likizo zimefutwa, unamsalimu sana, utakuja mambo yakipoa. Akaipokea, akaikunja, akaiweka kwenye mkebe wake pamoja na ile ya kwanza.

Hukuandika tena, na una haki. Lakini Mama aliendelea kungoja. Baada ya mwaka hakuweza kula vizuri. Kwa hiyo nilipokwenda mjini nilirudi na karatasi yoyote ile niliyopewa shuleni au barazani, nikamsomea kana kwamba ni barua kutoka kwako, naye akaiweka kwenye mkebe. Nilifanya hivyo mara tisa. Ulipata malaria ukapona. Ulihamishwa shamba. Mtoto wako wa pili aliota meno. Alipokuwa akinipa majibu niliyaandika neno kwa neno, maana alikuwa anautazama mkono wangu, na nikifika karibu na Isevya niliyachana nikayatupa mtaroni. Hakuna mwingine aliyemwomba amsomee. Mama mwenye mwana mwalimu amwombe nani?

Kaka, chuki yangu kwako iliisha zamani. Nadhani haikufika hata mwaka 1945. Kilichobaki ni kazi tu, kama kubeba maji: ukishaanza kumletea mtu maji kila siku huwezi kuacha bila kueleza.

Jumapili iliyofuata baada ya yule afisa, tulipotoka misani, Mama aliniita. Alikuwa amekaa kando ya ghala, Flavia karibu yake akibangua karanga. Mkebe ulikuwa wazi na karatasi zote kumi na moja amezitandaza juu ya kanga, amezipanga kwa miaka. Hakupandisha sauti. Alichukua moja akaanza kusoma, silabi kwa silabi, kidole kikitembea: "Mbe-gu za pa-mba zi-ta-ga-wi-wa ba-ra-za-ni." Akanitazama akasema, "Hii ndiyo uliyonisomea kwamba Justus alikuwa na malaria." Akachukua nyingine. Ilihusu kuogesha ng'ombe. Hiyo ilikuwa ya mtoto kuota meno. Akazisoma zote tisa. Ilichukua muda mrefu, maana bado si mwepesi, na alipokwama nilikuwa nafungua mdomo kumsaidia, kwa mazoea, naye anainua mkono kunizuia. Flavia aliacha kubangua. Sikuwahi kumwambia, naye aliyajua palepale.

Kisha Mama akanipa barua yako ya pili, ile ya kweli. Akasema, "Hii herufi zake zimeshikana mikono, siziwezi. Nisomee. Kama ilivyo."

Nikasoma. Kwamba umemwelewa. Kwamba kuanzia siku hiyo huna mama. Kwamba mtoto wako ataambiwa bibi yake wa Unyamwezi alikufa. Nilisoma mpaka jina lako. Mama alizikusanya zile karatasi moja moja, na mwishowe akasema, "Kumbe hii ndiyo sauti ya Justus. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza amekuwaje mpole hivyo."

Nilipiga magoti. Hakuniinua wala hakunifukuza. Aliniuliza jambo moja tu, kama yale aliyonituma mwaka ule, ya kumleta mkeo, yalikufikia. Nikamwambia hayakufika. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaomba asaidiwe kuinuka, na aliyeombwa ni Flavia, siyo mimi. Alipofika mlangoni akasema, "Kesho nitakuja darasani. Herufi kubwa sijazijua."

Na kweli alikuja. Anakuja kila siku. Ananiita mwalimu, na nje ya darasa hanitumi wala haniombi kitu. Chakula anakula kwa Flavia, nami ananisalimu. Usiku wa kwanza nilidhani kunyamaza kwake kungeniua; sasa nimezoea, na huenda hilo ni baya zaidi. Flavia anasema nimwache, na mimi namwacha.

Amekuandikia barua yake mwenyewe. Alichukua siku tisa, kwenye daftari la darasa, ameketi na mgongo kwangu. Aliniomba anwani tu, nami nilipotaka kuangalia kama hakukosea, aliifunika kwa kiganja. Bahasha ameibandika kwa uji. Alikwenda mwenyewe mpaka mjini kwa lori, yeye na Minza, akaitia katika sanduku la posta kwa mkono wake, na Minza anasema alibaki pale kitambo ameshika lile sanduku. Alipotaka kuondoka aliniambia nami niandike yangu, niieleze yangu, na niitume kwa bahasha yangu. Sijui kaandika nini. Kama yake imefika kwanza, haya yote umeshayajua, na huenda kwa maneno machache na bora kuliko yangu.

Sikuombi unisamehe. Ningeomba, ningekuwa naongeza mzigo juu ya mizigo. Mimi nakuomba umjibu Mama. Andika jina lake juu ya bahasha, Bernadeta Nyamizi, wala usipitishe kwangu; Padri ameahidi kumkabidhi mkononi. Na ukiandika, kaka, usiunganishe herufi. Ziachanishe, uziandike kubwa, na maneno marefu yakatize. Ana miaka sitini na minne na anataka kusoma peke yake.

Nisalimie shemeji Mwantumu, ambaye nilimnyima nyumba kabla sijamjua, na watoto wote watano mmoja mmoja. Huyo wa kwanza sasa atakuwa kijana wa kunifika begani. Flavia na wanangu wanakupa salamu zao. Mzee Ngollo alipojua nakuandikia alitaka jina lake liwemo, na ameliandika mwenyewe hapa chini kwa kalamu yangu. Ndiyo maana karatasi imechanika pembeni. Mungu akulinde wewe na nyumba yako katika kazi zako.

Ni mimi mdogo wako,

Raymundi

NGOLO
(ameacha L moja, lakini hataki nimsahihishe)